Joho la Nne

Shangazi alinikabidhi mkasi wa kukatia siku ya Jumatatu, baada ya miaka miwili ya kushona matundu ya vifungo na kufagia vipande. Jumatano nikaharibu.

Kanisa lilikuwa limeleta kitambaa cha zambarau kwa ajili ya igizo la Krismasi: majoho matatu ya wafalme wa mashariki, na kitakachobaki kiwe joho refu la Herode. Kwetu, kabla mkasi haujaingia, unapitisha kidole ukingoni mwa kitambaa na kuhesabu tabaka. Mimi nilikunja mara moja, nikakunja tena, nikachora kwa chaki na kukata kwa raha zangu. Nilipoyatandaza mezani yalikuwa manne, na cha Herode hakikubaki.

Shangazi hakupiga kelele. Aliuchukua mkasi, akautundika kwenye msumari wake, akasema nirudi kwenye vifungo mpaka akili inirudie. Mwalimu wa kwaya angekuja Ijumaa kuyachukua, na shangazi mwenyewe angemweleza.

"Na huyo mfalme wa nne," akasema, "labda ni mjomba wako."

Kesho yake mchana, alipokwenda kula, nilichukua Biblia anayoiweka juu ya kabati la nyuzi. Nilitaka kujua majoho yale yalikuwaje, pengine yalikuwa na mikono mipana, nilikate la nne nilitumie huko. Nasoma polepole, kidole chini ya mstari. Katika Mathayo sura ya pili nguo hazitajwi. Wafalme nao sikuwaona, ila Herode mwenyewe. Wageni wanaitwa mamajusi, watu waliofuata nyota. Na idadi yao haikuwepo. Nikarudi juu, nikidhani nimeruka mstari. Zawadi ndizo tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Walioleta hawakuhesabiwa. Tena hawakuingia zizini, waliingia nyumbani.

Nikajiuliza ni nani aliyewahesabu mara ya kwanza. Huenda alihesabu zawadi, akampa kila mmoja ya kwake, kama mtu anayehesabu sahani ili ajue wageni.

Ijumaa mwalimu wa kwaya akafika, mtu mrefu mwenye sauti ya kujaza chumba. Mbele ya wageni mimi huwa natazama sindano yangu. Shangazi akaanza kuomba radhi kuhusu kitambaa cha Herode, nami nikajisikia nasema, "Mwalimu, idadi haimo."

"Idadi ya nini, binti?"

Nikamsogezea Biblia ikiwa wazi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Akarudi juu kama nilivyorudi mimi. Akasema amefundisha igizo hilo miaka kumi na tisa, kila mwaka anachagua watatu na wengine wananuna mpaka Pasaka.

"Sasa huyu wa nne atabeba nini?"

"Haijasemwa kila mtu alibeba chake," nikajibu. "Mzigo mzito unabebwa na wawili."

Akacheka mpaka pini zikatikisika kwenye kisahani. Aliyachukua yote manne. Herode, alisema, atavaa pazia la sebuleni kwake, na mkewe atamsamehe baada ya sikukuu.

Alipoondoka nilidhani nimepona.

"Biblia haikuhesabu," shangazi akasema, "lakini wewe ulitakiwa kuhesabu."

Nikakubali, nikarudi kwenye tundu langu la kifungo. Cherehani yake ikaenda kidogo. Kisha akauliza, bila kuniangalia, kama nimesoma na ya Luka. Nikamwambia nimesoma mpaka mtoto alipolazwa horini.

"Na punda aliyembeba Mariamu?"

"Sijamwona, shangazi."

Cherehani ikasimama. Mapajani alikuwa na masikio mawili ya kijivu, ameshayajaza pamba. Akaniagiza Biblia, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza, mpaka wachungaji walipokwenda zao. Akavua miwani.

"Basi walisafirije?" Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia.

Nikasema haijaandikwa. Labda kwa miguu.

Aliyaweka yale masikio mezani. Halafu akainuka, akautoa mkasi msumarini, akanipa pamoja na kitambaa cha kijivu kilichobaki.

"Mjamzito hatembei safari yote ile katika igizo ninaloshona mimi," akasema. "Punda abaki. Mkia utakata wewe. Mmoja tu."