Chupa ya Chai Mezani pa Daktari

"Ipimeni," alisema mzee, akaisukuma chupa ya chai hadi katikati ya meza. "Haijamiminwa hata tone. Humo ndimo ilimo sumu anayonimaliza nayo."

"Nani huyo?"

"Mke wa mwanangu."

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyopandishwa juu ya paji la uso, hakuigusa chupa. Alikuwa akilitazama jicho la kushoto la mgeni wake, ambalo kope lake lilikuwa limeshuka nusu, kama mlango wa duka ambao mwenyewe hajaamua kama anafunga au anafungua.

Mtaani mzee huyo walimwita Mstari. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango, na hakuna aliyepata kumwona na rula. Alipanda ngazi, akashusha pumzi, akaivuta brashi kutoka ukingo hadi ukingo, na herufi zikasimama wima kama askari wa gwaride. Msimu huu, hata hivyo, mkono ulikuwa umemwasi. Herufi za asubuhi zilitoka imara. Za alasiri zilitoka zimelewa. Juu ya mlango wa kinyozi, neno la mwisho liliteremka hata likakaribia kuingia ndani kunyolewa.

"Mzee Mstari," kinyozi alimwambia, "hiyo herufi ya mwisho uiletee mkongojo!"

Mstari alicheka naye, lakini moyoni alianza kumtafuta mbaya wake. Hakukawia kumpata. Kila mchana mke wa mwanawe alimletea chai kazini, na kila baada ya chai kope lililegea, brashi ikawa nzito kama nyundo, hata kutafuna mkate kukamchosha. Siku ya mapumziko, mwanamke huyo alipokwenda kwa mama yake, Mstari alishinda kitini na jicho lake likashinda wazi. Alitaka ushahidi gani tena? Akawa anaimwaga chai kisirisiri nyuma ya ngazi. Alipoona bado analegea, hakuitakasa chai. Aliamua kwamba sumu imetiwa hata kwenye mboga.

Asubuhi hiyo aliyatoa yote sebuleni, mbele ya mume na mke.

"Una hakika, Baba?" mwanawe aliuliza, macho yakiwa kwenye kamba za viatu.

"Nina macho."

"Moja limefumba, Baba."

"Nani alilifumba? Nikirudi jioni nisimkute!" Alisema mengi, mpaka sauti ikaanza kutokea puani, ikadidimia, ikakatika. Mwanamke alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Neno lake lilikuwa moja tu: "Mimi?"

Sasa daktari alimwambia, "Tazama dari, mzee. Usishushe macho mpaka nikwambie."

Mstari alitazama. Kope zikaanza kuteremka, polepole, bila ruhusa yake. Jicho la kushoto likafumba kabisa. Daktari akatia vipande vya barafu ndani ya glavu, akaifunga, akaiweka juu ya jicho hilo. Baada ya muda mfupi aliiondoa, akampa kioo. Jicho lilikuwa wazi.

"Mmetia nini kwenye barafu hiyo?" aliuliza Mstari.

"Maji."

"Maji matupu?"

"Matupu. Sumu gani hiyo inayokimbia barafu, mzee?" Daktari akavuta kiti karibu. "Tutapima damu ili tuhakikishe, lakini nisikilize. Ubongo ukitaka mkono uinuke, amri hupita kwenye neva. Neva haiugusi msuli. Kati yao pana mwanya mdogo usioonekana kwa jicho. Amri ikifika ukingoni, neva humwaga kemikali. Hiyo huvuka mwanya, na ng'ambo vipo vipokezi vya kuidaka. Hata neva na neva, nyingi hupashana habari hivyohivyo, kwa kuvusha."

"Na kwangu haivuki?"

"Inavuka. Vipokezi ndivyo vimepungua. Mwili una askari wake wa kufukuza maradhi. Askari wako wameviona vipokezi kama maadui, wanavivunja. Kila unapourudia mwendo uleule, kemikali inayomwagwa hupungua, na vipokezi vilivyobaki havitoshi kuidaka. Baridi huichelewesha isifutike haraka, ndiyo maana kope limeinuka. Ukipumzika, nguvu hurudi. Mkono, kutafuna, hata kusema. Dawa zipo."

Mstari alikitazama kioo. "Siku ile alipokwenda kwa mama yake?"

"Ulipanda ngazi siku hiyo?"

Mstari alikirudisha kioo mezani. Alipopewa karatasi ya maabara aliikunja bila kuisoma. Alipotolewa damu hakuuliza sindano imetoka wapi. Kisha akaondoka mbio mbio. Njia nzima alikariri maneno kwa sauti, akiyapanga, akiyapangua, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuomba radhi na hakutaka yapinde.

Alimkuta mke wa mwanawe langoni. Teksi ilikuwa inanguruma, na sanduku lilikuwa mkononi mwake.

"Naondoka kabla ya jioni, Baba, kama ulivyoagiza," alisema mwanamke. "Chakula kipo mezani. Ukikitilia shaka, mwonjeshe paka kwanza."

Mstari alifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa pumzi yenye mkwaruzo, bila neno hata moja ndani yake. Alijaribu tena, ulimi ukalala. Akainua mkono amzuie, na mkono ukaishia kifuani. Maneno yote alikuwa ameyamaliza njiani.

"Unasemaje?"

Aliketi kwenye kizingiti cha lango, akaegemeza kidevu juu ya ngumi ili kichwa kisianguke, akafumba macho yote mawili. Kisha akanyamaza, kama mtu aliyetega kata chini ya bomba linalodondoka, akingoja sauti ijae.

Dereva alipiga honi. Mwanamke hakumgeukia, wala vidole vyake havikuuachia mpini wa sanduku.