Tuisheni ya Nguzo

Chumba walichopewa Nguzo na shemeji yake kilikuwa na vitanda viwili, na vyote viwili vilikuwa vifupi kuliko wao. Nguzo alilala kile cha dirishani, miguu ikining'inia, kichwani amewekewa barafu iliyofungwa kwa taulo. Shemeji yake, ndugu wa mkewe, alikaa sakafuni akichokonoa tope kwenye njumu zao kwa uma wa hoteli. Timu yao ya raga ilikuwa imecheza mechi ya kwanza ya kujipima ugenini, na zilibaki mbili kabla ya mfululizo wa testi, zile mechi rasmi dhidi ya timu ya taifa ya wenyeji, kuanza.

Magazeti ya wenyeji yaliwapima wageni hao bila chuki. Mbio hawana, yaliandika, na mateke yao huenda yanakotaka yenyewe, lakini skramu, ule msukumano wa bega kwa bega kugombea mpira, wanayo. Skramu ikisimama, wageni wana nafasi. Ikianguka, basi mgeni njoo, mwenyeji apone. Skramu yenyewe ilimtegemea Nguzo, propu, yaani mtu wa safu ya mbele anayeibeba, mwenye shingo iliyoshinda paja la mtu wa kawaida. Propu wa akiba alikuwa ameteguka goti kwenye ngazi ya ndege akiwapungia watu mkono, hata mpira hajaugusa.

Barafu ilipoyeyuka, mbwa alitoka chini ya kitanda. Alikuwa wa kahawia, sikio moja limechanika, akaja akajilaza juu ya njumu.

"Mbwa wa nani huyu?" aliuliza Nguzo.

Shemeji alimjua mbwa huyo vizuri ingawa hakuwahi kumwona. Nguzo alikuwa amemsimulia mpaka watu wakamwomba apumzike: jinsi alivyomsindikiza shule, jinsi sikio lilivyochanika akimtetea bwana wake mdogo.

"Ni wako, shem. Wa utotoni."

"Mimi sijawahi kufuga mbwa," alisema Nguzo kwa upole, lakini akamkuna shingoni.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alipogongwa kichwa, jambo moja alilokuwa akilikumbuka lilimtoka na kuja kukaa chumbani. Mhudumu wa vyumba aliomba tu mbwa asipande kwenye mashuka.

Sheria ilitaka aliyegongwa kichwa aulizwe maswali. Daktari wa timu aliuliza yale yale siku zote: leo tuko uwanja gani, mechi iliyopita tulicheza na nani, nani alifunga mwisho. Na wachezaji, kwa kuwa walipendana, na kwa kuwa walitaka kushinda, walikuwa na desturi waliyoiita tuisheni. Mtu akigongwa, mwenzake humfuata na kumnong'oneza majibu mpaka ayashike. Mwalimu wa Nguzo alikuwa shemeji yake.

Utani wa tuisheni ulianzia kwa mama mkwe. Siku ya safari alikuja kuwaaga, na aliposikia wanakwenda kwenye testi, alidhani ni mtihani. Aliwashika mikono wote wawili. "Someni swali mara mbili, wanangu," alisema. "Na msiache hata moja bila jibu." Mke wa Nguzo alicheka hadi akaegemea ukuta, lakini hakuna aliyemsahihisha mama.

Baada ya mechi ya pili likaja koti. Lilikuwa la marehemu baba yake Nguzo, aliyekuwa seremala, na mifuko yake ilijaa vumbi la mbao. Lilijitundika nyuma ya mlango, na kulipokucha likakohoa, kama mwenyewe alivyokuwa akikohoa kabla ya kuwasha redio. Nguzo alidhani limesahauliwa na mgeni aliyelala humo kabla yao, akalipeleka mapokezi. Likarudi likiwa limepigwa pasi. Shemeji aliogopa. Lakini magazeti yalikuwa yameanza kuwapa wageni nafasi nzuri zaidi, kwa hiyo aliendelea kufundisha, na Nguzo akaendelea kufaulu.

Mechi ya tatu walishinda. Nguzo alikutana na goti la mtu, akakaa chini kidogo, akainuka akisema, "Niko sawa." Waliporudi hotelini walimkuta msichana ameketi ukingoni mwa kitanda cha dirishani. Gauni lake la njano lilikuwa limelowa mvua, na mkononi alishika ndala iliyokatika. Mbwa alikwisha kulaza kichwa miguuni pake.

Shemeji alibaki mlangoni, ufunguo mkononi. Msichana alikuwa dada yake, mke wa Nguzo. Dada mwenyewe yuko nyumbani na watoto wawili, na asubuhi ile ile alikuwa amewatumia picha ya mdogo aliyeng'oka jino. Huyu alikuwa dada kama alivyokuwa siku ile alipojibanza na mvua nje ya uwanja, na propu mmoja asiyemjua akamfungia ndala kwa kamba ya kiatu chake.

"Samahani, dada," alisema Nguzo. "Nadhani umekosea chumba."

"Nasubiri mvua ikatike," alijibu msichana. "Na ndala imenikatikia."

Nje kulikuwa na jua. Nguzo alichomoa kamba kwenye njumu yake, akapiga goti, akaanza kuifunga ile ndala taratibu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Msichana akamshukuru. Nguzo aliona haya, akamvuta shemeji yake hadi bafuni.

"Dada mzuri yule," alinong'ona. "Ana mtu?"

"Anaye."

"Kumbe." Nguzo alitikisa kichwa. "Huyo bwana kapata."

Shemeji alifungua bomba la maji ili asisikike akilia.

Alipomaliza kulia alikwenda kumwita daktari, na daktari akamwita kocha. Daktari alimruka mbwa, akalisogeza koti, akamsabahi msichana. Kisha akauliza maswali yake, na Nguzo akayajibu yote, maana tuisheni ilikuwa imeshafanyika kwenye basi.

"Amefaulu," alisema kocha.

"Daktari, muulize mkewe ni nani."

Daktari alifunga mkoba wake. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa akimletea mbwa mifupa kutoka jikoni. "Swali hilo halimo," alisema.

"Kocha, mwache apumzike. Usipoziba ufa..."

"Nitajenga ukuta, najua," alisema kocha. "Haya nipe tofali. Propu mwingine nimtoe wapi?"

"Acha tu, shem," Nguzo alimwambia, akimpigapiga begani. "Mbona niko sawa?"

Tangu hapo shemeji aliongeza swali moja kwenye tuisheni. Aliliuliza wakisubiri lifti, wakifungana plasta vidoleni, wakinywa chai.

"Mkeo ni nani?"

"Mke wangu ni dada yako."

Mwanzoni Nguzo alijibu kama anayesoma kibao cha barabarani. Baadaye alizoea, akawa anajibu akitabasamu. Msichana alikaa kitandani akiwasikiliza, akisubiri mvua ikatike. Shemeji alimwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe.

Siku ya testi ya kwanza msichana alikaa kwenye benchi la akiba, amefunikwa jaketi la timu. Skramu ilisimama. Wenyeji walisukuma mpaka majani yakang'oka, nayo haikurudi nyuma hata unyayo, na wageni wakashinda kwa penalti. Kabla ya kipyenga cha mwisho Nguzo alifunikwa na rundo la watu, akakawia kuinuka. Akaulizwa maswali. Akayajibu.

Hotelini shemeji alipitia jikoni kuchukua barafu. Alipofika chumbani, Nguzo alikuwa akizungumza na simu iliyoegemezwa kwenye birika. Na kwenye kitanda cha pili, kitanda chake yeye shemeji, alikuwa ameketi yeye mwenyewe, mwembamba, ndani ya suti ya kuazima aliyoivaa kwenye harusi ya dada yake. Mikono ya koti ilimfunika vidole.

"Testi imekwendaje, baba?" sauti ya mama mkwe ilisikika.

"Nimejibu maswali yote, mama."

"Nilijua tu! Wewe una akili, si kama huyo mwanangu."

Kisha ikaja sauti ya mkewe. "Na mimi je? Bado unanikumbuka, au mpira umekuoa?"

Nguzo alikaa wima, kama anavyokaa mbele ya daktari.

"Mke wangu ni dada yako," alisema.

Mkewe alicheka sana, ikasikika akitafuta pa kuegemea. "Dada ya nani, wewe?"

Nguzo alimtazama kijana mwenye suti. Akamtazama msichana, akamtazama mbwa. Mwisho akamwona mtu aliyesimama mlangoni na ndoo.

"Yangu," alisema shemeji.

"Asante, kaka," alisema Nguzo kwa heshima. "Barafu unaweza kuiweka hapo."

Simu ilipokatika, kocha alipita koridoni akigonga milango na kutaja kikosi cha testi ya pili. Kilikuwa kile kile. Msichana na kijana mwenye suti walisogea, na shemeji akaketi kati yao. Alifunga barafu kwenye taulo, akainama mbele, akaiweka kichwani pa Nguzo na kuishikilia hapo.

"Haya," alisema. "Tuanze. Mimi ni nani?"