Mtindi wa Hakimu

Binti yetu ana miezi minane na tunamwita Hakimu. Hukumu zake hazina rufaa. Ukimpelekea kijiko anakitazama, anakutazama na wewe, anafunga mdomo, na kesi imekwisha.

Alikuwa hajawahi kumeza kitu kisichotoka kifuani kwa mama yake. Chupa aliikataa. Kikombe alikikataa. Uji alinirudishia shatini. Hayo yote yangevumilika kama nisingeanguka kwenye ngazi. Mimi ni fundi rangi. Nimepaka kuta katika nchi tatu bila kuanguka, ila siku hiyo nilianguka, nikavunjika mguu, na bosi akampa mtu mwingine brashi yangu kabla plasta ya mguuni haijakauka.

Huku ugenini kibali chetu cha kukaa kinataka mmoja wetu awe na kazi. Mama watoto, namwita hivyo ingawa mtoto ni mmoja, akapata nafasi kwenye kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Aanze Jumatatu, asubuhi mpaka jioni. Asipotokea siku ya kwanza, nafasi anapewa mwingine, na sisi tunaanza kufunga mabegi.

Muuguzi wa kliniki alituambia tutafute mtindi mtupu, wa maziwa yenye mafuta yake, usio na sukari wala asali. Vijiko vichache mchana vitamsogeza hadi mama arudi amnyonyeshe. Alilisema kama jambo dogo.

Jumanne nikaenda dukani na magongo yangu. Rafu ya maziwa ilianzia mlangoni ikaishia karibu na sabuni. Vyote vyeupe. Nyeupe nazijua kwa kazi yangu: kuna nyeupe ya dari, kuna nyeupe ya hospitali, kuna nyeupe ya ofisi ya mtu aliyeachwa na mke. Lakini zile zilinishinda. Niliacha shule darasa la sita, na hata ningefika chuo kikuu isingesaidia, maana maandishi yalikuwa ya kwao. Nikachagua kwa kufuata picha za kwenye makopo.

Kopo lenye picha ya ng'ombe lilikuwa krimu ya kupikia. Lenye picha ya matunda lilikuwa sukari iliyopitishiwa maziwa kwa mbali. Lenye picha ya mwanamke amejifunga futi kiunoni lilikuwa limetolewa mafuta yote, na Hakimu hana shida ya kiuno. Nikarudi nyumbani na vitu ambavyo mama watoto alivipanga mezani kimoja kimoja, kama vielelezo vya mahakamani.

"Mpigie mama," akasema.

Mama mkwe alipokea akiwa anatafuna kitu.

"Kwani mkwe, huko hakuna ng'ombe?"

"Wapo, mama. Wamewekwa kwenye makopo."

"Basi chukua maziwa, tia kwenye chombo safi, funika, weka pahali penye joto. Kesho kutwa yameganda. Hiyo hata mjinga anaweza."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

Nikanunua maziwa ya boksi, yale yanayokaa rafuni miezi bila friji. Nikayatia kwenye mtungi wa kioo, nikaufunika kwa kitambaa, nikauweka juu ya kile chuma kinachopasha chumba joto. Jumatano yalikuwa maziwa. Alhamisi yalikuwa maziwa. Ijumaa asubuhi jirani wa chini alipanda ngazi, akasimama mlangoni kwetu, akanusa, akatuangalia kwa huruma, akashuka. Yalikuwa hayajaganda. Yalikuwa machungu, na harufu yake ilikuwa ya soksi ya mlinzi wakati wa masika.

Tulipompigia tena, mama mkwe akasikitika kama tumefiwa. "Yametoka wapi hayo?"

"Kwenye boksi."

"Yamechemshwa mpaka yamekufa hayo. Maziwa yaliyokufa hayagandi, mkwe. Yanaoza kama maiti nyingine yoyote."

Siku tatu zikawa zimeteketea. Mama watoto hakunilaumu. Alisema tu kwamba kesho, Jumamosi, anaitwa kiwandani kuonyeshwa mashine, na kama akirudi akute Hakimu hajala kitu mchana kutwa, atawapigia simu kwamba Jumatatu haji. "Siwezi kumwacha mwanangu na njaa kwa ajili ya mashuka ya watu," akasema. Akaenda kukunja nepi.

Jioni hiyo nikarudi dukani. Mara hii nikaacha kutazama picha nikafikiri kama fundi. Rangi ya kuuzia wapita njia kopo lake lina nyumba, bustani na familia inayocheka. Rangi ya mafundi kopo lake halina kitu. Fundi habembelezwi. Nikatafuta kwenye ile rafu kopo lisilobembeleza mtu, nikalipata chini kabisa, jeupe, na maneno machache tu. Nikalipiga picha nikamtumia muuguzi. Akajibu: maziwa kamili na vijidudu vya kugandisha, basi. Ndiyo yenyewe.

Nyumbani nilichovya kijiti nikakiinua. Mtindi ukateremka taratibu, haukukatika. Mzito wa kutosha, haudondoki. Kwa mkono wangu wa kazi ningemlisha Hakimu bila kupoteza tone.

Jumamosi mama watoto akaondoka. Nikamfunga Hakimu kitambaa shingoni, nikamkalisha, nikachota nusu kijiko, nikakileta kwa pembeni kama brashi inayokwepa ukingo wa dirisha. Mdomo umefungwa. Nikaupumzisha mtindi upoteze ubaridi. Umefungwa. Nikaimba. Nisiseme mengi kuhusu kuimba. Kufika saa nane nilikuwa nimejaribu mara kumi na tisa, na kitambaa chake kilikuwa safi kama nilivyokifunga. Hakuna tone lililoanguka na hakuna tone lililoingia.

Nikakaa nikalitazama kopo. Kisha nikachukua kijiko kikubwa, nikala nusu.

Mama watoto aliporudi aliuliza kabla ya kuvua viatu. "Amekula?"

"Nusu kopo."

Alilichukua kopo, akachungulia ndani, akamnyanyua mtoto. Hakimu alinyonya kama mtu aliyetoka jela. Jumapili tulishinda wote watatu nyumbani, Hakimu akanyonya kama kawaida, na mimi sikuugusa mtindi. Mimi huwa sisemi uongo. Si kwa sababu ya uchamungu, ni kwa sababu sikumbuki nilisema nini. Huu niliukumbuka kila dakika.

Jumatatu akaenda kazini. Kufika saa tano Hakimu alikuwa analia ile sauti ya kukwaruza, ya njaa hasa, na mdomo wake ulifunguka kwa kulia tu; kijiko kikikaribia unafungwa. Simu ikaita. Alikuwa mama watoto, kwenye mapumziko yao ya chai. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma.

"Amekula?"

"Hapana," nikasema. "Na Jumamosi hakula. Nilikula mimi."

Mashine zikanguruma kidogo.

"Najua," akasema. "Mtoto hakunuka maziwa ya kugandishwa. Wewe ulinuka."

"Sasa mbona umekwenda?"

"Kwa sababu nikiwepo ananinusa, hali kitu. Angefika miaka saba bado ananyonya. Hebu niambie, unamlishaje?"

Nikamweleza. Nusu kijiko, pembeni, taratibu, bila kudondosha.

"Baba we! Unampaka!"

"Nini?"

"Unampaka rangi. Mtoto si ukuta, mume wangu. Mwachie kopo."

"Atachafua."

"Fundi rangi mzima unaogopa uchafu?"

"Fundi mzuri hachafui."

"Basi leo uwe fundi mbaya. Dakika zangu zimekwisha." Akakata.

Nikatandika turubai langu la kazi sakafuni, lile la kukinga rangi. Nikamvua Hakimu nguo zote ikabaki nepi. Nikamkalisha katikati, nikamwekea kopo mbele, nikakaa kwenye kiti na magongo yangu, mikono nimeikalia.

Alinyamaza. Akalitazama kopo. Akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari, ambayo ilipakwa vibaya na mtu asiyejua kazi. Mkono ukaingia mpaka kwenye kifundo. Ukatoka. Akajipiga nao shavuni, akapiga turubai, akapaka goti, akapaka kopo kwa nje, safu moja nzito na nyingine nyembamba, hovyo kabisa, bila mpangilio. Nilivumilia. Kisha akaweka ngumi yote mdomoni, akaitoa ikiwa safi, akairudisha koponi.

Saa saba simu ikaita tena.

"Amekula?"

"Amekula."

"Kiasi gani?"

"Sijui. Kingine kiko sikioni, kingine kwenye plasta yangu, kingine sijakiona kimekwenda wapi."

Nikasikia anavuta kamasi.

"Haya," akasema. "Hilo naliamini."