Baba Hayumo Kwenye Ratiba

"Nisomee tena hapo," akasema Hawe Sidi.

Nikasoma. Siku ya pili Nairobi: saa tatu asubuhi, kuwalisha twiga. Saa sita, chakula cha mchana. Saa nane, makumbusho ya reli. Saa kumi, picha mbele ya lile jengo refu la mikutano. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za dawa: vigango, muda ukiruhusu.

"Muda ukiruhusu," akarudia. "Huyo Muda ni nani? Ni mtoto wa nani, hata nikamwombe ruhusa ya kumwona baba yangu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Tulikuwa kwenye shule moja huku Ganze, Jumamosi, wanawake ishirini na wawili wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu. Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, ni mama yake baba yangu, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chao. Kwa miaka mitatu walikuwa wamejipanga kwenda kuuona mji mkuu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya utalii Malindi, kwa hiyo safari wakanipa mimi niipange, na mimi nikaipanga: siku ya pili, saa tatu asubuhi, vigango. Aliyeisogeza ile saa tatu hadi chini ya ukurasa ni bosi wangu, Mwenda, na siku hiyo alikuwa amesimama pale ubaoni, miwani mkononi.

"Shosho, sikiza," akaanza.

"Shosho yuko kwenu Meru. Mimi ni Hawe."

"Sawa, Hawe. Hivyo vigango haviko kwenye maonyesho. Viko kwenye ghala la makumbusho. Nimepiga simu, wameniambia wanaingia watafiti peke yao, tena kwa fomu. Sasa nikiandika saa tatu, tufike tupate mlango umefungwa, wateja watamlaumu nani? Twiga hawafungi mlango."

Mwenda si mtu mbaya. Ni mtu wa ratiba.

Lakini Hawe hakuwa akidai picha. Baba yake, mzee Kaingu, alikuwa mmoja wa wazee wa Gohu, kile chama cha siri cha wazee wa Kigiriama, na alipofariki Hawe alikuwa na miaka minane. Wakamchongea kigango: gogo la mti mgumu, refu kama mtu, lenye kichwa cha duara na pembetatu zilizochorwa kifuani, likavishwa vitambaa na kusimikwa nyumbani. Kigango kikishasimikwa hakiguswi. Hata ukoo ukihama, kinabaki palepale. Ndiye mzee mwenyewe, amesimama. Kisha asubuhi moja, baba yangu akiwa darasa la pili, wakaamka wakakuta shimo. Wezi walikuwa wamekwisha kumuuza. Hawe anasema alilia msiba ule mara ya pili, na safari hii hapakuwa na kaburi.

Mwaka jana nilimwonyesha kwenye simu yangu picha ya vigango vilivyorudishwa kutoka ng'ambo na kuhifadhiwa Nairobi. Aliishika simu kwa mikono miwili. Akaitazama hadi skrini ikazima. Akaniambia niiwashe. "Wa tatu kutoka huku," akasema. "Shingo imepinda. Mchongaji alikuwa amelewa, mama aligombana naye sana."

Tangu siku hiyo safari ya Nairobi ilikuwa na jambo moja tu. Twiga walikuwa wa wengine.

Na hao wengine walikuwa na mdomo. "Mimi niliandikisha jina langu kwa ajili ya twiga," akasema Mama Zipporah, katibu wa kikundi na mke wa mchungaji. "Siwezi kutoka hapa hadi Nairobi kwenda kuabudu miti."

"Nani amekwambia uabudu?" Hawe akamgeukia. "Kaburi la mamako umelijengea saruji, ukalipaka chokaa, kila Pasaka unalipelekea maua na kulisemesha. Unaabudu saruji?"

"Hilo ni kaburi!"

"Na kile ni nini? Tofauti ni kwamba lako halijaibwa."

Zipporah akafungua daftari lake la kumbukumbu, akaandika kitu kirefu ambacho naamini hakikuwa maneno.

Mwenda akanivuta nje, chini ya ukingo wa bati. "Kahaso, wewe ni mfanyakazi wangu ama mjukuu wake?"

"Ujukuu sikuandikiwa mkataba," nikamjibu. "Hata nikitaka kujiuzulu, siwezi."

"Na kama anakipenda hivyo, si adai arudishiwe? Twende na lori."

Hawe alikuwa amemsikia kupitia dirishani. "Kigango hakihamishwi, mwanangu," akasema kwa sauti ya kutosha darasa zima. "Waliokihamisha ndio waliokosa, na watakaokirudisha waje wenyewe, mchana, tukiwaona. Mimi siendi kumbeba. Naenda kumwambia tunajua alipo."

Nikarudi ndani, nikaitoa ile fomu ya watafiti kwenye mkoba. Nilikuwa nimeichapisha tangu Alhamisi. Ilikuwa ya Kiingereza; nikamtafsiria Hawe swali moja moja na kuandika majibu yake kwa Kiswahili, lugha ya taifa, ambayo hakuna ofisi ya taifa inayoweza kuniambia haiielewi.

"Taasisi unayotoka?"

"Nyumbani kwa Kaingu, Ganze."

"Somo la utafiti?"

"Baba."

"Kiwango cha elimu?"

"Andika namjua."

"Umekifanyia kazi kifaa hiki kwa muda gani?"

Akahesabu kwa vidole, akachoka. "Tangu nilipozaliwa."

Nikaipiga picha na kuituma palepale, Mwenda akitikisa kichwa kama mtu anayetazama gari likirudi nyuma kuelekea mtaroni.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye madawati yaleyale simu ilipolia. Nikaiweka kwenye spika. Mwanamke akajitambulisha kuwa Adhiambo, wa ghala la makumbusho.

"Nimeipata fomu yenu. Hapa pameandikwa, somo la utafiti, baba. Ni makosa?"

"Hakuna kosa," nikasema.

Karatasi ikageuzwa. "Haya. Niko ghalani sasa hivi. Shida ni kwamba hamkuandika namba ya kifaa, na vigango hapa ni vingi. Shingo zilizopinda naona tatu. Bila kitu cha kukitambua, siwezi kuwapa kibali. Mama ana alama yoyote anayoikumbuka?"

Wote wakamtazama Hawe. Naye, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, akatazama sakafu. Mwenda akavaa miwani yake na kuichukua kalamu. Nilijua anachotaka kufuta.

"Hawe?" nikamwita.

"Kipo kitu," akasema. "Sijakisema kwa mtu."

"Sema sasa."

"Mtoto haruhusiwi kugusa kigango. Hata mke haruhusiwi. Baba alikuwa ameniahidi ushanga wa buluu, akafariki kabla hajanunua. Nikaiba mmoja wa shangazi. Kigango kilipokauka juani kilipasuka ufa nyuma ya shingo. Nikaupachika humo. Nilitaka aone kwamba nimepata, asiende na deni langu. Kisha ng'ombe watatu wakafa, wazee wakauliza nani amefanya kosa kwenye kigango, wakachinja mbuzi, wakatambika, na mimi nimenyamaza. Nimenyamaza hadi leo."

Hakuna aliyecheka. Kwenye spika zilisikika nyayo, kisha kitu kikiburutwa, kisha Adhiambo akipumua.

"Mama," akasema polepole. "Ninacho hapa. Upo. Ushanga mmoja wa buluu, nyuma ya shingo. Ngoja niwasomee kadi yake: pambo la ushanga, maana yake ya kiibada haijulikani."

Hapo ndipo darasa lilipolipuka. Mama Zipporah alicheka hadi akaangusha daftari. "Haijulikani! Waandikieni! Maana yake ni Sidi ni mwizi!"

"Mwizi wa ushanga," akasema Hawe, machozi yakimshuka na kidevu kimeinuka. "Si mwizi wa baba wa watu."

Adhiambo akatupa masharti: Alhamisi, saa tatu asubuhi, watu wanne, nusu saa, na wasiingie na kinywaji cha aina yoyote.

"Na mnazi wa kutambikia?" akauliza Hawe.

"Hapana, mama. Samahani sana."

"Basi tutaunywa mlangoni. Harufu tutaingia nayo mdomoni. Na tutakuja wote ishirini na wawili. Wanne ndani, wengine wataimba nje. Kuimba nako kuna fomu?"

"Kuimba," akasema Adhiambo, na nilimsikia akitabasamu, "hakuna fomu."

Simu ilipokatika, Mama Zipporah aliinuka, akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Niandike kwenye wale wanne," akaniambia. "Siendi kuabudu. Naenda kumwona huyo mzee aliyefichiwa ushanga wa wizi shingoni miaka yote hii."

Nikamnyooshea Mwenda mkono, akanipa kalamu bila kuombwa mara mbili. Nikaandika upya siku ya pili mbele ya macho yao, nikamsomea Hawe, yeye akifuata kidole changu kwenye karatasi kana kwamba anasoma.

Saa tatu asubuhi: mzee Kaingu.

Saa sita: chakula cha mchana.

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: twiga, muda ukiruhusu.