Jino Lisilochongwa

Namtanguliza Mola, aliyepanga meno kinywani kabla ya kuleta tonge, na akaijaza bahari viumbe ambao idadi yao anaijua Yeye peke yake.

Watu wa habari hii ni watatu. Wa kwanza ni Jeremiah Ndunda, fundi wa meno ya bandia, mwenye chumba kimoja cha kazi huko Mumbuni. Wa pili ni Kavata, mjane wa Muthetheni. Wa tatu ni Urbanus, shemeji yake Kavata.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, mwaka wa 1998, Ndunda alikuwa ameinamia jino jeusi chini ya kioo cha kukuzia, akaligeuza mara ya pili.

Juma lililotangulia, Urbanus alikuwa amemletea meno matatu meusi, membamba, yenye ncha, kutoka katika kopo lililofichuka mvua za El Nino zilipobomoa ukuta wa Kavata. Ndunda hakuyatazama sana. Baba yake alikuwa mchonga meno, zama zile ambapo kijana wa Kikamba hakuhesabiwa kuwa amekua mpaka meno yake ya mbele yapigwe patasi yapate ncha. "Haya ni ya watu," alisema Ndunda. "Yamechongwa kizamani." Neno hilo likawa moto. Ukoo ukasema mjane huweka maiti ndani ya kuta zake. Jioni hii Kavata alitakiwa ale kiapo cha kale, ambacho hakuna aliyekiamini kuwa kinamwacha mtu salama, au aliache shamba la marehemu mumewe.

Sasa kioo kilisema jingine. Jino lililochongwa hupoteza ngozi yake ngumu pale patasi ilipopita. Ngozi ya jino hili ilizunguka ncha nzima bila kukatika, nalo shina lilipasuka pande mbili mfano wa panda ya manati. Kinywa gani huota jino la namna hii?

Akakumbuka vichwa vya papa vilivyokaushwa, akaenda sokoni kwa Nduku, muuza samaki wakavu.

"Nduku, vichwa vya papa unapeleka wapi?"

"Ni vya supu. Kwani daktari, siku hizi unatengenezea hata samaki meno?"

"Nionyeshe mdomo wake tu."

Nduku alipekua gunia, akacheka, akamrushia taya kavu lenye upana wa shibiri moja. Ndunda aliligeuza kama mtu aliyepewa barua. Meno yalisimama safu nyuma ya safu, yamekaa juu ya ufizi bila shimo. La mbele likianguka, la nyuma lilikuwa tayari kusogea. Akaweka lile jeusi kando ya moja lao. Umbo lilikuwa lile lile, ila jeusi lilikuwa na uzito wa jiwe.

Alipofika Muthetheni, wazee walikuwa wameshaketi uani. Hakuketi.

"Wazee wangu, nilikosea. Meno haya ni ya samaki."

"Juma lililopita mtu, leo samaki," alisema Urbanus. "Jumamosi ijayo yatakuwa ya mbuzi? Na bahari iko wapi hapa Muthetheni?"

"Mwulizeni mwaitu Kavata," Ndunda alisema, akimwita kwa heshima kama amwitavyo mama yake.

"Niliwaambia siku ya kwanza," alisema Kavata. "Marehemu alichimba mawe ya chokaa huko Pwani miaka tisa. Aliyatoa ndani ya mawe. Mkasema mimi niko na mdomo mrefu."

Mzee aliyewazidi wote umri alinyoosha mkono, akapewa jino na taya. Yeye alikuwa wa mwisho katika ukoo ule mwenye meno yaliyochongwa. Alifungua kinywa, akagusa ncha ya jino lake kwa kidole, kisha akagusa ncha ya lile jeusi. Akarudia mara tatu.

"Yangu yanakwaruza," alisema. "Baba yako alinipiga patasi nikalia, Ndunda. Hili halijawahi kupigwa na mtu."

Hakuna aliyetaja kiapo tena. Ndipo Kavata alipoingia nyumbani, akatoka na kitu katika kitambaa.

"Niko na lingine. Nililificha, niliogopa."

Lilijaza kiganja cha mzee.

"Na huyu," mzee aliuliza polepole, "mdomo wake ulikuwa kiasi gani?"

Ndunda alipima jino dogo la papa wa Nduku, kisha lile kubwa: mara kumi. Kazi yake ilikuwa kukisia ufizi kwa jino. Akaokota kijiti, akahesabu shibiri kumi mchangani, akaanza kuchora mstari wa kuuzunguka mdomo huo. Mstari ulipita nyuma ya kiti cha mzee, ukapita nyuma ya kiti cha jirani yake, ukaja taratibu mpaka miguuni pa Urbanus. Urbanus aliutazama. Kisha akainua kigoda chake akakisogeza nyuma, na kijiti kikaendelea.

Mola amrehemu mchimba mawe yule. Na waliobaki juu ya shamba lake awape mvua ya kiasi na kauli njema baina yao. Amina.