Swichi ya Kichwa Chini

Fundi umeme huyu alikuwa na mwiko mmoja: nyumba za mnada wa mtandaoni hakuzitazama picha za ndani. Ukishaona kitanda cha watu, alisema, mkono unalegea. Alisoma namba ya kiwanja, ukubwa na hali ya paa, kisha akabonyeza. Nyumba tano za kupangisha alizipata hivyo, na majirani wakambandika jina la Bwana Bonyeza.

Hii ya sita ilimtoa jasho. Mshindani mmoja, Namba Tisa, alipanda kidogo kidogo mpaka dakika ya mwisho, king'ang'anizi kama kupe. Bonyeza akamruka kwa mkupuo. Namba Tisa akanyamaza, naye akacheka peke yake jikoni.

Asubuhi alifika na kitasa kipya begini. Mtaa hakuutambua, maghorofa yalikuwa yameota kila upande. Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni mapazia yalifungwa, giza tupu. Akapapasa swichi, akaibonyeza chini. Wapi! Kisha kidole chake, bila kutumwa, kikaisukuma juu, na taa ikawaka.

Mwili ukamsisimka. Swichi hii aliifunga mwenyewe, kichwa chini, juma lake la kwanza la kujifunza kazi, mtaa ukiwa bado vichaka. Wenzake walimcheka mpaka machozi. Mwalimu wake, mwenye nyumba, alikataa irekebishwe. "Iache. Kila nikiwasha nitakukumbuka."

Mwalimu alikuwa kaburini mwaka wa tatu sasa. Mazishini Bonyeza hakwenda, alituma ujumbe. Lakini sasa alimsikia kisogoni, kwa ule ukali wake wa utani: Umechelewa, kijana.

"Nani huko?" Mjane wa mwalimu alitokea chumbani akiburuta kandambili. Akamkazia macho, kisha akamshika mikono yote miwili. "Wewe! Umesikia, ukaja!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba imekwenda kwa deni. Nilijaribu kuikomboa mnadani kwa simu ya jirani, lakini kila nikipanda, mtu ananiruka. Tangu jana namsikia baba yako akitembea humu ndani, nikajua kuna mtu anakuja." Akashusha sauti. "Wamesema mnunuzi anafika leo. Kaa nami. Nisiwe peke yangu naye."

Akamvutia kiti kinachotazama mlango. Fundi akakaa, begi mapajani, kitasa kikimlemea. Nje gari likapunguza mwendo, na mama akamng'ang'ania mkono.

"Ndiye?"

"Siye, mama," akasema.