Hermelinda Ni Nani?

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, atanitia wazimu. Mungu anisamehe, lakini atanitia wazimu.

Mjukuu wake Wilmer alikuwa aimbe shuleni Ijumaa. Mwaka jana mlinzi alimzuia wifi mlangoni kwa kukosa kitambulisho, akamsikiliza mtoto kupitia dirisha huku theluji inamwangukia kichwani. Alilia wiki nzima. Kwa hiyo jiji lilipoanza kutoa vitambulisho kwa kila mkazi, hata sisi tuliovuka mpaka kinyemela, nikamkokota ofisini. Alhamisi, siku ya mwisho! Eti alikuwa anatafuta blauzi ya kupigia picha.

Tukakabidhi pasipoti yake ya Guatemala na bili ya umeme, akapigwa picha, tukaambiwa tusubiri kuitwa. Njaa ikanibana, nikatoka kununua tamale, ule mkate wa mahindi wa kwetu, kwa mama muuzaji pale nje.

Kurudi, nakuta karani kawiva uso. "Hermelinda Tzoc! Naita mara ya mwisho, nafunga!"

Chumba kizima kinageuza shingo. Na wifi yangu je? Amekaa, mkoba mapajani, anasonya.

"Watu wengine, bwana!" ananiambia. "Mtu anaitwa, kimya! Anatuchelewesha wenzake."

"We mwanamke! Hermelinda ni nani?"

"Nitamjulia wapi mie?"

"Si ni wewe!"

Wala simlaumu. Kule kiwanda cha kuku anafanya kazi kwa makaratasi ya kuazima, miaka nenda rudi anaitwa Carmen. Mwite Carmen usingizini, ataamka anatafuta kisu cha kukatia kuku. Nyumbani mimi namwita wifi, wengine wote Bibi. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelitamka tangu tuhamie huku.

Alikurupuka, tamale yangu ikaenda chini. "Nipo! Ndiyo mimi! Usifunge, mwanangu!"

Karani akatazama picha, akamtazama yeye, akatazama tena picha. Nikasali kimoyomoyo. Mwishowe akampa kadi yake, ingali na joto la mashine.

Ijumaa tukamkuta mlinzi yule yule. Akaipokea kadi, akasoma polepole: "Hermelinda Tzoc. Karibu, pita."

Wifi hakusogea. Ndani piano imeshaanza.

"Pita basi!" nikamsukuma. "Mtoto anaimba!"

"Ngoja kwanza," akasema, machozi yanamtiririka. "Aniite tena."